Milima Haikutani: Mashabiki na Mkutano wa Jamaa ya Bel-Air

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa milima haikutani lakini binadamu hukutana. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu asimtendee mwenzake uovu kwa kudhani kwamba njia zao zimeachana daima. Mnamo Novemba 2020, watazamaji wa runinga nchini Marekani na kwingineko walishuhudia hekima hiyo ikitimia mbele ya macho yao. Waigizaji wa tamthilia ya vichekesho iitwayo The Fresh Prince of Bel-Air, ambayo ilikamilika mwaka 1996, walikusanyika tena katika kipindi maalum kilichopeperushwa na HBO Max kuadhimisha miaka 30 tangu tamthilia hiyo ianze. Walikumbushana ya kale, wakacheka, na wakamlilia mwenzao aliyefariki. Hata hivyo, lililozungumzwa zaidi na mashabiki halikuwa kicheko. Lilikuwa mazungumzo baina ya watu wawili waliokuwa wamehasimiana kwa miaka 27: Will Smith, mwigizaji mkuu, na Janet Hubert, mwigizaji wa kwanza wa mhusika Vivian Banks.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mashabiki walivyokipokea kipindi hicho na sababu za mapokezi hayo. Swali la msingi ni hili: kwa nini mtu mzima mwenye kazi na familia yake aketi mbele ya runinga na kulia kwa sababu ya ugomvi wa watu asiowajua? Hoja inayotolewa ni kwamba mashabiki hukiendea kipindi cha aina hii kama wageni walioalikwa karamuni. Mkutano wa jamaa ya Bel-Air uliwaita kwa karamu, kisha ukawageuza kuwa mashahidi, na baadhi yao ukawaweka kizimbani.

Nyumba ya Bel-Air

Ni vyema kwanza kueleza tamthilia yenyewe kwa manufaa ya wasioifahamu. The Fresh Prince of Bel-Air ilianza kuonyeshwa na shirika la NBC tarehe 10 Septemba 1990 na kukamilika tarehe 20 Mei 1996, baada ya misimu 6 na sehemu 148. Inamhusu kijana mweusi kutoka mtaa wa watu wa kawaida huko Philadelphia ambaye, baada ya kuingia katika ugomvi, anatumwa na mama yake kuishi na jamaa zake matajiri katika mtaa wa kifahari wa Bel-Air, Los Angeles. Kijana huyo anaitwa Will. Aliyemwigiza, Will Smith, alikuwa mwanamuziki wa mtindo wa kufokafoka aliyekwisha kupata tuzo ya Grammy mwaka 1989 pamoja na mwenzake Jeff Townes, maarufu kama DJ Jazzy Jeff, ambaye pia aliigiza katika tamthilia hii.

Katika nyumba hiyo kuna Philip Banks, wakili ambaye baadaye anakuwa hakimu. Mkewe Vivian, mwalimu msomi. Watoto wao Hilary, Carlton na Ashley. Na Geoffrey, mtumishi mwenye ulimi mkali. Kicheko kinatokana na mgongano wa malezi mawili. Will ni yule jogoo wa shamba anayejaribu kuwika mjini, ilhali jamaa zake wanahofia kwamba kuwika kwake kutawaaibisha mbele ya majirani. Chini ya kicheko hicho, hata hivyo, mna masuala mazito. Katika msimu wa kwanza, Will na Carlton wanasimamishwa na polisi wakiendesha gari la kifahari na kutiwa korokoroni, kwa kuwa tu vijana weusi hawakutarajiwa kuwa na gari kama hilo. Katika msimu wa nne, baba mzazi wa Will anarejea baada ya kutoweka kwa miaka mingi, anamwahidi mwanawe safari, kisha anamtoroka tena. Will anaangua kilio kifuani mwa Philip. Hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazokumbukwa zaidi katika historia ya vichekesho vya runinga, ingawa kilele chake hakichekeshi hata kidogo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza hulificha. Waigizaji na mashabiki humwita Vivian kwa neno la Kiingereza linalomjumuisha dada wa baba na dada wa mama bila kubagua. Lakini Vivian ni dada wa mama yake Will. Kwa Mswahili, huyo si shangazi. Ni mama mdogo au mama mkubwa, au khalati kama wasemavyo watu wa pwani. Watoto wake ni ndugu wa Will, wala si binamu tu. Naye Philip, kwa kumwoa Vivian, anashika nafasi ya baba. Tukilitazama hivyo, tunaelewa kwamba Will hakupelekwa kwa jamaa wa mbali waliomfadhili. Alipelekwa kwa mama wa pili. Hoja hii itatufaa mbeleni tutakapozungumzia kubadilishwa kwa mama huyo.

Upeo wa Matarajio

Mhakiki wa Kijerumani Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, alieleza kwamba msomaji haiendei kazi ya fasihi akiwa mtupu. Huiendea akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya yale aliyoyasoma, aliyoyazoea na anayoyatumainia. Kazi ikitimiza matarajio hayo, msomaji huridhika. Ikiyavunja, hukasirika au hulazimika kuupanua upeo wake. Nadharia hii, ijapokuwa iliasisiwa kwa ajili ya maandishi, inafaa pia kuelezea hadhira ya runinga.

Je, mashabiki wa tamthilia ya vichekesho hutarajia nini waigizaji wanapokutana tena? Kwanza, hutarajia kurudishwa nyumbani. Mabawabu wa kumbukumbu ni vitu vidogo: kochi, ngazi, mlango wa jikoni. Watayarishaji wa kipindi cha 2020 walilijua hilo, ndiyo maana walilijenga upya jukwaa la sebule ya akina Banks na kuwaketisha waigizaji humo. Pili, mashabiki hutarajia kuona kwamba mapenzi ya wahusika yalikuwa mapenzi ya waigizaji. Tatu, na hili ni la kimsingi, hutarajia mambo yaishe vizuri. Umbo lenyewe la vichekesho vya runinga limewazoesha hivyo. Kila baada ya nusu saa, ugomvi huzuka, hukua, hutatuliwa, na jamaa hukumbatiana. Wiki inayofuata nyumba huwa shwari kama kwamba hapakutokea lolote.

Kuna sababu nyingine inayofanya matarajio hayo yawe makali. Mwaka 1956, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza aina ya ukaribu ambao mtazamaji hujenga na mtu anayemwona kwenye runinga. Ukaribu huo ni wa upande mmoja. Mtazamaji anamjua mwigizaji, sauti yake na tabasamu lake, ilhali mwigizaji hajui kwamba mtazamaji huyo yupo duniani. Pamoja na hayo, hisia za mtazamaji ni za kweli. Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Kwa miaka mingi, wapo watazamaji wa Vitimbi walioamini kwamba Mzee Ojwang' na Mama Kayai walikuwa mume na mke hata nje ya jukwaa. Benson Wanjau, aliyekuwa akiigiza kama Mzee Ojwang', alipofariki Julai 2015, watu ambao hawakuwahi kumpa mkono walimwomboleza kama mzee wa ukoo wao. Mhusika alikuwa amemmeza mwigizaji, na msiba wa mmoja ukawa msiba wa wote wawili.

Kiti Kilichobaki Wazi

Msiba ndio uliokuwa mlango wa kwanza wa hisia katika mkutano wa Bel-Air. James Avery, aliyemwigiza Philip Banks, alifariki tarehe 31 Desemba 2013 akiwa na umri wa miaka 68. Alikuwa mtu wa kimo na sauti nzito, mwigizaji aliyepikwa katika tamthilia za Shakespeare kabla ya kuingia katika vichekesho. Smith amesimulia mara kadhaa jinsi Avery alivyomsukuma na kumfunza katika sehemu ile ya baba anayetoroka, hata kijana ambaye hakuwa na mafunzo ya uigizaji akaweza kulia kilio kilichowaliza wengine.

Katika kipindi cha 2020, waigizaji walioketi sebuleni walionyeshwa picha za mwenzao huyo na wakabubujikwa na machozi. Mashabiki nao walilia. Kilio hicho kinaeleweka kwa urahisi. Tamthilia ya vichekesho husimamisha wakati. Kila inaporudiwa, Philip hunguruma na kumtupa nje Jazz, rafiki mtukutu wa Will. Kwa anayetazama marudio, Avery hajafa. Ni mkutano wa waigizaji unaomuua, kwa maana kwamba unamlazimisha mtazamaji kuhesabu walioketi na kumkosa mmoja. Wengi waliolelewa bila baba walikwisha kusema, Avery alipofariki, kwamba mhusika huyu ndiye aliyekuwa baba wao wa skrini. Kwao kiti kile kilichobaki wazi hakikuwa cha mwigizaji.

Mapokezi ya sehemu hii hayakuwa na utata. Hapa matarajio ya mashabiki yalitimizwa: walikuja kuomboleza pamoja na wafiwa, na wafiwa walionekana kuomboleza kwa dhati. Utata ulianza pale alipoingia mtu ambaye hakuwa amekufa, lakini kwa muda mrefu alizungumziwa kama marehemu.

Mama Aliyebadilishwa

Janet Hubert alimwigiza Vivian Banks katika misimu mitatu ya kwanza. Alikuwa na elimu ya ngoma kutoka chuo cha Juilliard na alikuwa miongoni mwa wachezaji wa awali wa tamthilia ya muziki Cats iliyofunguliwa Broadway mwaka 1982. Kipaji hicho kinaonekana katika sehemu ya msimu wa pili ambapo Vivian, akitimiza miaka arubaini, anarudia ndoto yake ya ujana ya kuwa mchezaji ngoma na kuwashinda wasichana waliomdharau. Mashabiki hawajachoka kuitazama.

Mwaka 1993 Hubert aliondoka. Kuanzia msimu wa nne, nafasi yake ilichukuliwa na Daphne Maxwell Reid hadi tamthilia ilipokamilika. Tamthilia haikueleza lolote kuhusu badiliko hilo. Badala yake ilitoa mzaha. Katika sehemu ya kwanza ya msimu wa nne, Jazz anamtazama Vivian mpya na kumwambia kwamba tangu ajifungue mtoto kuna jambo limebadilika kwake. Will anaigeukia kamera na kuitazama hadhira. Hadhira inacheka.

Kicheko hicho kinastahili kuchunguzwa. Mzaha wenyewe ni mwerevu, na hapana sababu ya kumlaumu Reid, ambaye aliajiriwa kufanya kazi na akaifanya vyema. Lakini kilichofanywa mzaha ni kuondolewa kwa mwanamke ambaye mimba ya mhusika wake katika msimu wa tatu ilikuwa mimba yake mwenyewe. Jazz alipotaja kujifungua, alitaja jambo la kweli katika maisha ya mtu aliyekuwa nje ya jukwaa, bila kazi, akiwa na mtoto mchanga. Hadhira haikulijua hilo. Ilijua tu kile ilichoambiwa, na ilichoambiwa kilitoka upande mmoja. Katika mwaka huo huo, Smith alidai katika mahojiano ya redio kwamba Hubert alitaka tamthilia igeuzwe iwe yake. Sifa ya ugumu ikamganda Hubert kama kupe. Kila alipojitetea kwa hasira, utetezi wake ulichukuliwa kuwa ithibati ya tuhuma. Mwaka 2009 alichapisha kitabu kueleza upande wake, Perfection Is Not a Sitcom Mom. Mwaka 2011 alitamka hadharani kwamba mkutano wa waigizaji pamoja na Smith hautafanyika kamwe kwa upande wake. Wengi walilichukua tamko hilo kuwa la mtu mwenye kinyongo.

Mashabiki nao waligawanyika katika kambi mbili. Walikuwapo waliomshabikia Vivian wa kwanza na waliompendelea wa pili. Mjadala huo ulikuwa mchezo, mithili ya ushabiki wa kandanda, lakini ndani yake mlikuwa na swali lisilo la mchezo. Hubert ni mwanamke mwenye ngozi nyeusi zaidi. Reid ana ngozi ya maji ya kunde. Vivian wa kwanza alikuwa na ajira, msimamo na hasira zake. Wa pili aliandikwa akiwa mpole na mwenye nafasi ndogo katika visa. Kwa mashabiki weusi, hasa wanawake, badiliko hilo lilionekana kuthibitisha jambo walilolijua tangu utotoni: kwamba mwanamke mweusi sana mwenye kauli yake huitwa mgumu, na kwamba anaweza kuondolewa na nyumba ikaendelea kucheka. Hapa ndipo tofauti ya istilahi za ujamaa inapodhihirisha uzito wake. Shangazi wa mbali akibadilishwa, mzaha unaweza kutosha. Mama akibadilishwa, watoto hudai maelezo.

Mazungumzo ya 2020

Maelezo hayo yalitolewa baada ya miaka 27. Katika kipindi maalum, Smith na Hubert waliketi ana kwa ana kabla Hubert hajaungana na wenzake. Hubert alieleza kwamba wakati ule alikuwa mjamzito na alikuwa katika ndoa iliyomtesa. Alieleza kwamba alipewa mkataba mpya uliopunguza wiki zake za kazi na kumzuia kufanya kazi kwingineko, akaukataa. Alisisitiza kwamba hakufukuzwa. Zaidi ya yote, alieleza gharama ya maneno. Kwa mwigizaji mweusi wa kike katika Hollywood, alisema, kuitwa mgumu ni sawa na kuhukumiwa kifo cha kikazi. Alipoteza kazi, na alipoteza uhusiano na watu aliowahesabu kuwa jamaa.

Smith alikiri kwamba akiwa kijana wa miaka 21 alitawaliwa na hofu, kwamba alimwona Hubert kuwa tishio, na kwamba hakuwa na ukomavu wa kutambua aliyokuwa akiyapitia mwenzake. Hakujaribu kuikanusha simulizi ya Hubert. Baada ya hayo, Hubert aliingia katika seti na kukutana na wenzake wa zamani, akiwamo Reid. Wanawake wawili waliokuwa wameshindanishwa na mashabiki kwa karibu miongo mitatu walisimama mahali pamoja, wala hapakuwa na ugomvi baina yao.

Makundi ya Mapokezi

Mwitiko wa mashabiki unaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza, ambalo lilikuwa kubwa, lilifurahi na kulia. Kwa kundi hili, mkutano ulikuwa sehemu moja zaidi ya tamthilia: ugomvi ulizuka, ukakua, na hatimaye ukatatuliwa. Tofauti ni kwamba utatuzi ulichukua miaka 27 badala ya nusu saa. Si haki kulibeza kundi hili. Mwaka 2020 watu wengi walikuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya janga la korona, wametenganishwa na jamaa zao na hata kuzuiwa kuzika wafu wao kwa desturi walizozizoea. Katika mwaka huo huo Marekani ilitikiswa na maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd mikononi mwa polisi, na ile sehemu ya Will na Carlton kutiwa korokoroni ikapata maana mpya. Kuona jamaa moja ya watu weusi ikipatana kulikuwa tulizo.

Kundi la pili lilipokea kwa shaka. Liliuliza maswali ya haki. Mbona msamaha uje wakati kuna kamera na maadhimisho ya kuuza? Kampuni ya Westbrook, iliyohusika katika utayarishaji, ilianzishwa na Smith na jamaa yake. Je, mwenye jukwaa anapoomba radhi katika jukwaa lake, anatubu au anajipamba? Na baada ya machozi kukauka, mmoja anarudi katika utajiri na umaarufu wake, ilhali mwingine anarudi na miaka 27 ambayo haiwezi kulipwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kundi hili halikukataa kwamba Smith alisema kweli. Lilikataa wazo kwamba kusema kweli kunatosha.

Kundi la tatu ndilo lenye funzo kubwa kwa mwanafunzi wa fasihi. Ni la mashabiki waliojiuliza kuhusu nafsi zao. Hawa walikumbuka kwamba walicheka ule mzaha wa msimu wa nne. Walikumbuka kwamba walirudia hadithi ya mwanamke mgumu bila kuuliza nani aliisimulia. Ukaribu wao wa upande mmoja ulikuwa umewaegemeza kwa yule waliyeendelea kumwona kila wiki, na kumtenga yule aliyeondolewa machoni. Asiyeonekana kwenye skrini hana wakili. Kwa kundi hili, kipindi kilivunja upeo wa matarajio kwa maana halisi ya Jauss: walikuja kuona watu wengine wakipatanishwa, wakagundua kwamba wao pia walikuwa na deni.

Mizani ya Kulinganisha

Uzito wa mapokezi haya unaonekana vizuri zaidi yakilinganishwa na mkutano mwingine uliofuata miezi michache baadaye. Tarehe 27 Mei 2021, HBO Max ilionyesha mkutano wa waigizaji sita wa Friends, tamthilia iliyokamilika mwaka 2004. Hapo pia seti ilijengwa upya na machozi yalitiririka. Mashabiki walifurahia kusikia kwamba Jennifer Aniston na David Schwimmer walikuwa wamependana kimyakimya katika siku za mwanzo. Walilalamika kuhusu wingi wa wageni mashuhuri waliopewa nafasi ambayo ingetolewa kwa waigizaji wenyewe. Malalamiko hayo ni ya mgeni aliyeandaliwa chakula kizuri na kulalamikia chumvi. Mkutano huo haukuwadai mashabiki chochote.

Hata hivyo, mkutano huo nao ulisomwa upya baadaye. Matthew Perry, ambaye baadhi ya mashabiki waliingiwa na wasiwasi walipomwona, alifariki tarehe 28 Oktoba 2023. Anayekitazama kipindi hicho leo hakitazami kama alivyokitazama mwaka 2021. Hali kadhalika, tukio la tarehe 27 Machi 2022, ambapo Will Smith alimpiga kofi Chris Rock katika hafla ya Tuzo za Oscar, liliwafanya mashabiki kuyarejelea mazungumzo yake na Hubert. Waliokuwa na shaka waliona ushahidi. Waliomsamehe waliona binadamu anayeendelea kupambana na hofu zake. Kipindi hakikuwa kimebadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni upeo wa anayekitazama. Hii ndiyo sababu wananadharia wa upokezi husisitiza kwamba maana ya kazi haikamiliki siku inapotolewa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mwitiko wa mashabiki kwa mkutano wa jamaa ya Bel-Air ulitokana na mambo matatu: mazoea yaliyojengwa na umbo la vichekesho vya runinga, ukaribu wa upande mmoja baina ya mtazamaji na mwigizaji, na hali ya jamii katika mwaka wa mkutano wenyewe. Aidha, yamedokeza kwamba istilahi za ujamaa katika Kiswahili zinaweza kumulika kazi ya kigeni na kudhihirisha kile ambacho lugha yake asilia imekifunika.

Katika sehemu ya mwisho ya tamthilia, iliyoonyeshwa mwaka 1996, Will anasimama peke yake katika sebule tupu, anaitazama kwa mara ya mwisho, kisha anazima taa na kutoka. Mara Carlton anatokea mbio akilalamika: alikuwa msalani, na nyumba nzima ilikuwa imemsahau. Hadhira ilicheka, na ilikuwa na haki ya kucheka, kwani Carlton alitoka salama. Lakini palikuwa na mwingine aliyesahauliwa gizani taa zilipozimwa, na hakuna aliyemsikia akigonga mlango. Ilichukua miaka 24 tangu usiku huo kabla taa hazijawashwa tena. Mtahiniwa wa fasihi hufunzwa kuuliza nani anazungumza katika kazi. Mkutano huu unamkumbusha kuuliza pia nani amenyamazishwa, na ni nani aliyekuwa akicheka wakati huo.